JIKO NA TAA ZA MNYONGE: NANI AULIZWE?

Kila nyumba ina mioto miwili: moto wa kupikia na moto wa kuonea. Mwenye nafasi huiwasha yote miwili kwa kubonyeza kidole, wala hajiulizi imetoka wapi. Lakini mnyonge huilipia kila uchao kwa vipimo vidogo vidogo: mkaa wa kopo, mafuta ya taa ya chupa, betri mbili za tochi. Na kwa kuwa hana uwezo wa kununua kwa gunia wala kwa debe, kile kidogo anachokinunua humgharimu zaidi kuliko kile kingi anachokinunua tajiri. Ndivyo umaskini ulivyo ghali kwa mwenye nao.

Tena hailipi mioto hiyo kwa fedha peke yake. Huilipa kwa macho, kwa kifua na kwa miguu ya binti anayetumwa kuni. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kwamba katika mwaka wa 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu kadiri ya milioni 3.2 ulimwenguni, na katika hao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza umri wa miaka 5. Shirika hilo hilo, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, lilishauri watu waache kutumia mafuta ya taa majumbani. Basi kibatari tulichosomea sisi na wazee wetu, ambacho twakikumbuka kwa mapenzi, kilikuwa kikitupa nuru kwa mkono mmoja na kututia sumu kwa mkono wa pili.

Siku hizi zimetufikia habari njema, kwamba jua, upepo na maji ya mito yaweza kutupa nishati isiyokwisha kwa kutumiwa, ambayo wataalamu huiita nishati jadidifu. Habari hizo ni za kweli. Kati ya mwaka 2010 na mwaka 2020 gharama ya umeme wa jua unaotoka katika mitambo mikubwa ilishuka kwa kadiri ya asilimia 85. Kitu kilichokuwa cha matajiri na cha vyombo vya angani, leo chauzwa dukani pamoja na sukari na viberiti.

Lakini liko jambo moja ambalo bei haiwezi kulitatua, nalo ndilo tulilokusudia kulieleza katika makala hii. Vitu vingi vimeletewa wanyonge kwa nia safi: majiko, taa, pampu na mitambo. Vikapokewa kwa vigelegele, vikapigwa picha, kisha baada ya mwaka mmoja vikawa vifuniko vya mitungi na viota vya kuku. Mleta akasema: “Watu hawa hawajui kutunza vitu.” Nasi twauliza: je, yeye aliwauliza nini kabla ya kuvileta?

KITANDA USICHOKILALIA

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na tuchukue mfano wa jiko la jua, lile lenye vioo au karatasi zing’aazo ambazo hukusanya miali ya jua juu ya sufuria. Mwenye kulitazama kwa mara ya kwanza husema: hapana jiko bora kuliko hili, halili mkaa, halili kuni, halitoi moshi. Maneno hayo yote ni sahihi. Lakini jiko hilo hupika mchana jua likiwa kali, nayo nyumba nyingi hupika chakula chao kikubwa jioni, watu wakisharudi shamba na baharini. Hupikia uwanjani, na kuna mama asiyependa jirani ajue kila siku ana nini sufuriani, au hana nini. Hutaka chakula kiachwe kiive polepole, ilhali ugali wataka mkono na mwiko. Na mwezi wa Ramadhani ukifika, je, daku itapikwa kwa jua gani?

Hatusemi jiko la jua halifai. Lafaa sana kwa kuchemsha maji na kunde, na kwa mahali ambapo kuni zimekwisha kabisa. Tunasema kwamba aliyelibuni akitaka litumike, ilimpasa aanze kwa kukaa jikoni siku nzima, toka alfajiri mpaka usiku, kabla hajakata kioo cha kwanza. Maswali hayo tuliyoyauliza hayahitaji digrii. Kila mama wa nyumba angaliyataja yote kabla maji ya chai hayajachemka.

Hapa ndipo palipo na makosa mawili makubwa. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba elimu ni ya upande mmoja tu: mjuzi wa mitambo ana elimu, na mpishi ana haja. Kweli ni kwamba wote wawili wana elimu, ila kila mmoja ana ya kwake. Kosa la pili ni kudhani kwamba kitu rahisi ni kitu chenye bei ndogo. Taa ya bei ndogo isiyoweza kutengenezeka kijijini ni ghali kuliko taa ya bei kubwa ambayo mtoto wa jirani aweza kuifungua na kuirudishia.

MAFUNDI WA BATI NA JIKO LA KENYA

Sasa tutazame jambo lililofanikiwa, tupate kujua lilifanikiwaje. Wasomaji wetu wengi wanalo nyumbani jiko la mkaa lenye bati kwa nje na udongo wa kuchoma kwa ndani, lililobinyika kiunoni. Huenda hawajui kwamba jiko hilo ni mtoto wa mashauriano marefu.

Kabla yake lilikuwako jiko la bati tupu. Husemwa kwamba lililetwa na wafanyakazi wa Kihindi waliokuja kujenga reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Jiko hilo lilikuwa jepesi na la bei nafuu, lakini lilikuwa fujaji kupita kiasi. Waliolipima waliona ya kwamba katika moto wote wa mkaa, sehemu 10 mpaka 20 tu katika kila sehemu 100 ndizo zilizofika kwenye sufuria. Nyingi katika zilizobaki zilipotelea ubavuni, zikimpasha moto mpishi badala ya mchuzi.

Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mjini Nairobi juu ya nishati mpya na jadidifu, na katika miaka hiyo Kenya ikaanza kutafuta jiko bora. Mfano mmoja ulichukuliwa kutoka Thailand, nchi ambayo watu wake walikuwa na jiko la udongo ndani ya bati, mfano wa ndoo: pana juu, jembamba chini. Wataalamu wangaliweza kusema: “Hili limepimwa, ni zuri, lichukueni.” Lakini jiko jembamba chini hupinduka mtu akisonga ugali kwa nguvu. Tena udongo ukijaa mpaka chini, jiko huwa zito na hupasuka upesi, kwa sababu bati na udongo havitanuki sawasawa vikipata moto.

Wakaulizwa wenye kupika, wakaulizwa na wenye kufua bati. Mafundi wa jua kali, wale wafanyao kazi chini ya jua kwa nyundo na mkasi, walijua ni umbo gani huweza kukatwa kwa bati la mapipa makuukuu bila ya mashine. Wafinyanzi walijua ni udongo gani huvumilia moto. Akina mama walijua uzito wa mwiko na ukubwa wa sufuria. Ndipo likatokea umbo tulilonalo: pana juu, pana chini ili lisimame imara, na kiuno katikati. Udongo wa kuchoma ukawekwa katika nusu ya juu tu, palipo na mkaa. Matundu yakatobolewa chini yake ili majivu yaanguke na hewa ipande. Kukawekwa vipande vitatu vya kuegeshea sufuria za kila kipimo. Jiko hilo hufikisha kwenye sufuria sehemu 25 mpaka 40 katika kila sehemu 100 za moto. Maana yake, nyumba iliyokuwa ikila magunia mawili ya mkaa yaweza sasa kukaribia kutosheka na gunia moja na kitu.

Zingatieni jambo jingine. Jiko hilo halikugawiwa bure, wala kiwanda kimoja hakikupewa haki ya kulitengeneza peke yake. Mafundi walifundishwa, wakaachwa waige, wabadilishe na washindane. Mwanzo lilikuwa ghali, na mengine yalikuwa mabovu. Lakini mafundi walipokuwa wengi, bei ilishuka na wanunuzi wakajifunza kuchagua. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko hayo yalikuwa zaidi ya laki 7 nchini Kenya, na zaidi ya nusu ya nyumba za mijini zilikuwa nayo. Kisha likavuka mipaka, likaenda Tanzania, Uganda, Rwanda, Sudan na kwingineko. Wahabeshi walipolichukua walilibadilisha kidogo lipatane na upishi wao, wakaliita kwa jina lao, Lakech. Nalo hilo ni dalili ya kitu kilichobuniwa vizuri: hukubali kubadilishwa na mwenye kukitumia.

Walakini hatufichi upungufu wake. Mkaa ni mkaa. Jiko zuri hupunguza ukataji wa miti wala haliukomeshi, na mkaa huwa nishati jadidifu pale tu ambapo miti hupandwa kwa kadiri ya inayokatwa. Basi na tulitoke jiko, twende kwenye taa, ambako jua limetufungulia mlango mpana zaidi.

MABIBI WA TILONIA

Katika jimbo la Rajasthan, India, kipo kijiji kiitwacho Tilonia. Mwaka 1972 kijana mmoja wa mjini aliyesoma vyuo vikubwa, jina lake Bunker Roy, alianzisha huko taasisi iliyokuja kujulikana kwa jina la Barefoot College, maana yake Chuo cha Wapekupeku. Kazi za mwanzo zilikuwa juu ya maji. Zilikuwako pampu za mkono, nazo zilipoharibika watu walimngojea fundi atoke mbali. Ikaamuliwa wafundishwe watu wa papo hapo, wengi wao hawajui kusoma, wazitengeneze wenyewe. Wakaweza. Ndipo likazuka swali: ikiwa asiyejua kusoma aweza kutengeneza pampu, kwa nini asiweze kutengeneza umeme wa jua?

Chuo kikajifunza kwa kujaribu. Waliona ya kwamba kijana wa kiume akipata ujuzi na cheti, haukupita muda akachukua mfuko wake akaenda mjini kutafuta kazi. Kijiji kikabaki gizani na fundi hayupo. Wakamgeukia mtu ambaye haondoki: mama wa makamo, bibi mwenye wajukuu, aliyefunga mizizi pale alipo. Wakachukuliwa wanawake kama hao, kwanza wa India, kisha kutoka nchi nyingi za Afrika na Asia na kwingineko, wakafundishwa kwa miezi 6. Hawakuwa na lugha moja, na wengi hawakujua kusoma. Basi wakafundishwa kwa ishara, kwa picha na kwa rangi: waya wenye rangi hii huenda hapa, kile kidude chenye rangi ile hukaa pale. Wakarudi kwao wakijua kufunga paneli za sola juu ya paa, kuunganisha betri na kifaa cha kudhibiti chaji, na kutafuta penye hitilafu.

Lakini kabla ya mama huyo kusafiri, kijiji hufanya kazi yake. Watu hukusanyika, huchagua kamati yenye wanaume na wanawake, na kamati humchagua mama wa kwenda. Kisha kila nyumba husema ilikuwa ikitumia kiasi gani kwa mwezi kwa mafuta ya taa, mishumaa na betri, na kwa hesabu hiyo hukubaliana malipo ya mwezi. Fedha hizo humlipa fundi wao na hununua vipuri. Kwa hivyo bei haiteremki kutoka ofisini. Hutoka katika mfuko wa mlipaji mwenyewe, kwa kipimo anachokijua.

Wala msidhani mambo hayo yalipita bila ya taabu. Mwaka 2012 ilitolewa sinema ya habari za kweli juu ya Rafea, mama wa Kibedui wa Jordan mwenye mabinti wanne, aliyekwenda Tilonia kujifunza. Mumewe alimtisha, ikambidi arudi nyumbani mafunzo hayajesha. Baadaye alirejea India akamaliza. Tumeitaja habari hii kwa sababu yahusu majumba yetu. Kumwuliza mwanamke anataka taa ya namna gani ni jambo jepesi. Kumpa nafasi ya kuwa yeye ndiye fundi ni jambo zito, na hilo nalo ni sehemu ya ubunifu. Mpango usioangalia hali ya mume, watoto na jamaa za mwanafunzi ni mpango wenye tundu.

UNGUJA NA KINYASINI

Somo hilo la mwisho lilieleweka Zanzibar. Watu wa Unguja hawahitaji kuelezwa giza ni nini. Mei 2008 umeme wa kisiwa kizima ulikatika kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kwa hitilafu ya njia ya waya upitao chini ya bahari kutoka bara. Tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, usirudi mpaka Machi 2010. Pampu za maji zikasimama, vyakula vikaoza katika majokofu, na watu wakaonekana njiani na ndoo vichwani. Mwaka 2013 uliwekwa waya mpya wenye nguvu zaidi, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini msiba ule ulifundisha ya kwamba nyumba yenye njia moja tu ya kupata nuru ni kama jahazi lenye kamba moja. Na huko vijijini na katika visiwa vidogo zilikuwako nyumba ambazo giza la miezi ile halikuwaongezea kitu, kwa sababu umeme haukuwa umewafikia kabisa.

Wanawake kadhaa wa Zanzibar walikwenda Tilonia wakajifunza. Kwenda kwao ng’ambo kwa miezi 6 hakukuwa jambo dogo kwa jamaa zao. Kwa hiyo, badala ya kuendelea kuwapeleka akina mama mbali, chuo kililetwa karibu nao: mwaka 2015 kituo cha mafunzo kilifunguliwa Kinyasini, Kaskazini Unguja. Hapo mama hufundishwa kwa Kiswahili, na miongoni mwa walimu ni wanawake wa hapa hapa walioanza kwa kuwa wanafunzi. Wanafunzi huchaguliwa na vijiji vyao, nao warudipo huwafungia majirani zao taa na kuzitengeneza. Watu huwaita mama wa sola.

Tazameni jinsi mashauri yalivyobadilisha mpango wenyewe. Taa ni ile ile, na jua ni lile lile. Kilichobadilika ni mahali pa kusomea, lugha ya kusomea na mtu wa kusomesha. Wengine husema mambo hayo si ya ufundi. Sisi twasema ndiyo ufundi wenyewe, kwa kuwa bila ya hayo paneli ingebaki kuwa kioo juu ya paa.

MASHAURIANO SI DESTURI YA KUIGA

Haifai Mwislamu kudhani kwamba habari ya kumshauri mtumiaji ni mtindo mpya wa kigeni. Katika Qur’ani tukufu imo sura nzima, ya 42, iitwayo Ash-Shura, yaani Mashauriano. Na katika historia yetu twajua ya kwamba katika mwaka wa 5 wa Hijra, Madina ilipotishwa na majeshi, shauri lililofuatwa la kuchimba handaki lilitoka kwa Salman, mtu wa Uajemi, aliyekuwa mgeni, na aliyewahi kuwa mtumwa. Halikukataliwa kwa sababu ya hali ya msemaji, bali lilipimwa kwa ubora wake. Kisha Mtume, rehema na amani zimshukie, akachimba pamoja na watu wake. Basi kamati ya msikiti inayotaka kununua taa za madrasa, na tajiri anayetaka kuweka sadaka ya kudumu kwa kijiji chake, wanayo njia mbele yao iliyokwisha kukanyagwa.

Lakini kushauriana kuna adabu zake. Kuita mkutano mmoja uwanjani, wakasema wakubwa watatu na wengine wakaitikia, hakutoshi. Twapendekeza mambo haya matano kwa kila anayekusudia kuleta jiko au taa mahali popote.

Kwanza, watu waulizwe nyumbani kwao na saa ya kazi yenyewe. Jiko liulizwe jikoni, na taa iulizwe usiku.

Pili, wanawake wapewe kikao chao wenyewe, kwa kuwa wengi hawasemi mbele ya wakwe na waume, na vijana nao hawasemi mbele ya wazee.

Tatu, kitu kiletwe kimoja au viwili kwanza, viachwe kwa wenyewe muda wa kutosha, kisha viangaliwe vimechakaa wapi na vimefungwa kamba wapi. Pale mtu alipofunga kamba ndipo fundi alipokosea.

Nne, malipo yapatane na jinsi mapato yanavyoingia. Mvuvi hupata kwa siku, mkulima hupata kwa msimu, na mwalimu hupata kwa mwezi. Malipo ya namna moja kwa wote humtesa mmoja wao.

Tano, ajulikane fundi ni nani, vipuri vitatoka wapi, na sanduku la betri litawekwa na nani. Betri ni kitu chenye ajali yake. Itakufa siku moja hata ikitunzwa namna gani. Kijiji kisichoanza kuiwekea akiba siku ile ile inapofungwa, kimejiwekea giza la baadaye. Na betri iliyokufa isitupwe kisimani wala wasiachiwe watoto kuchezea, kwa kuwa zile za risasi na tindikali zina sumu kali.

HESABU KWA VIJANA

Vijana wetu wanaosoma wanayo kazi katika jambo hili, nayo ni kuwafanyia wazazi wao hesabu. Taa ndogo ya siku hizi ya wati 3, ikiwaka saa 5, hula nguvu ya 15, kwa kuzidisha wati kwa saa. Taa ya zamani ya wati 60, kwa muda huo huo, hula 300, yaani mara 20. Paneli ya wati 10, ikipata jua kali la saa 5, hutoa kadiri ya 50, nayo kidogo hupotea njiani. Basi yatosha taa mbili za namna ile na kujaza simu moja. Haitoshi pasi wala birika la umeme, ambalo peke yake laweza kutaka wati 1,500 au zaidi.

Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini hulinda heshima ya nyumba. Wangapi wameuziwa paneli kwa ahadi ya televisheni na jokofu, wakalipa, wakakosa vyote viwili? Kushauriana kwa kweli ni pamoja na mjuzi kumweleza mnunuzi wazi kwamba kitu hiki hakifiki hapo. Anayeulizwa anataka nini, bila ya kuambiwa kinachowezekana ni kipi, hakuulizwa, amebembelezwa.

HATA SHAURI JEMA LINA MIPAKA

Mfano wa mwisho twautoa Bangladesh, nchi ya Waislamu wengi na maskini wengi. Mwaka 1996 ilianzishwa huko Grameen Shakti, ikiuza mitambo midogo ya sola kwa malipo ya polepole, ikifundisha na wanawake wa vijijini kutengeneza vifaa vyake. Kuanzia mwaka 2003 serikali ikaupanua mpango kama huo kwa kutumia jumuiya nyingi, na katika miaka kumi na mitano hivi mitambo zaidi ya milioni 4 ikafungwa, ikawanufaisha watu kadiri ya milioni 20. Lakini nyaya za umeme wa serikali zilipofika vijijini kwa haraka, na mitambo mingine ilipoanza kugawiwa bure, wanunuzi walipungua, na waliokuwa wakilipa wakaona uzito kuendelea. Haya yatuonya kwamba kijiji pekee hakiwezi kuamua kila kitu. Wenye kupanga njia za umeme nao wakae barazani, waseme kwa uaminifu waya utafika lini, ili mnyonge asifunge fedha zake katika kitu kitakachopitwa baada ya mwaka.

Liko na onyo jingine. Mashauriano yaweza kugeuzwa kuwa pazia. Watu huitwa, hulishwa, hutiwa sahihi, na mpango huendelea kama ulivyoandikwa tangu kwanza. Alama ya shauri la kweli ni moja tu: je, kuna jambo lililobadilika kwa sababu mtu wa chini alisema? Jiko la Kenya lilibadilika umbo. Mafunzo ya sola yalihama kutoka Tilonia yakafika Kinyasini. Pasipobadilika kitu, hapakuwa na shauri.

Basi ndugu wasomaji, siku mtakapoletewa taa, jiko au mtambo, msione haya kuuliza: nani ataitengeneza, kwa fedha gani, na nani aliyepika au aliyesoma kwa hiyo kabla yetu? Nawe uliyejaaliwa mali au elimu ukataka kumwangazia mwenzio, anza kwa kumwuliza. Mwite mama yule anayefunika kibatari kwa mkono upepo usikizime. Mpe kiti, umsikilize mpaka amalize. Anayo elimu ambayo haikuandikwa kitabuni, na bila ya hiyo sadaka yako yaweza kuishia juu ya mtungi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kusikilizana.